Kisanduku Nilichokifunga kwa Mpira wa Tyubu

Nianze na aibu yangu mwenyewe kabla watu wa Karatu hawajawasimulia wakaongeza chumvi. Nusura nimfukuzishe kazi dereva mtulivu kuliko wote niliowahi kuwatengenezea gari, na silaha niliyotumia ni vipande viwili vya mpira wa tyubu. Sikuwa nimelewa. Sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa namsaidia.

Ninyi vijana mnaoingia kwenye ufundi na kompyuta kwapani badala ya spana, sogeeni. Mimi nimestaafu, kama kuhamisha kiti kutoka upande wa gereji kwenda upande wa jiko ni kustaafu. Gereji yangu ilikuwa uani kwangu, hatua arobaini kutoka kitandani, na kwa karibu miaka thelathini hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ndefu. Nimetengeneza magari yanayoshuka kreta ya hifadhi kila asubuhi, lakini mimi mwenyewe kreta sijashuka hadi leo. Watu wanavuka bahari kuja kumwona faru. Mimi nikitoka nyumbani saa tatu, saa tano nimeshaanza kuwaza makande ya mke wangu. Kila mtu na wito wake.

Aliyenifundisha kazi, marehemu Babu Rashidi, hakuwa na kifaa cha kupimia zaidi ya bisibisi ndefu. Aliweka ncha yake kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza mpira redioni, kisha akasema, "Beringi ya alteneta. Fungua." Ukifungua, kweli. Siku moja nilimuuliza anajuaje. Akanitazama kwa huruma. "Injini inasema, Bura. Tatizo wewe unaongea wakati inasema."

Niliishi na bisibisi hiyo miaka mingi. Halafu magari yakaanza kuja na kompyuta ndani, taa za manjano zikawa zinawaka kwenye dashibodi, na bisibisi ikawa haisikii kitu. Nikanunua mashine ya kupimia, ile unayochomeka chini ya usukani ikakuletea namba za makosa. Nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: TUNAPIMA KWA KOMPYUTA. Wiki nzima nilitembea uani nimeivaa shingoni kama daktari wa zamu.

Mteja wa kwanza alikuwa mkulima wa maharage kutoka Endamarariek, na pikapu yake. Mashine ikataja sensa ya hewa. Nikabadilisha sensa ya hewa. Taa ikazima, akaondoka, kesho yake akarudi na taa yake. Nikabadilisha sensa tena. Akarudi tena. Mara ya tatu alinisalimia vizuri sana, akaketi kwenye ngazi, akauliza kwa upole, "Fundi, hizi sensa unazila?"

Kumbe pikapu ilikuwa inalala ghalani pamoja na maharage, na panya wa ghala lile, baada ya kuchoka maharage, alikuwa anatafuna waya. Sensa zote tatu zilikuwa nzima. Ndiyo maana nawaambia: namba ya kosa inakuonyesha mlango uliogongwa, haikwambii aliyegonga ni nani. Fuata waya kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, na andika namba kwenye daftari kabla hujaifuta. Mimi nilikuwa nafuta kwanza, nikiamini taa ikizima gari limepona. Ni sawa na kumfunga mdomo mgonjwa ukasema hana homa.

Sasa turudi kwenye aibu.

Bi Zainabu ana duka la vitambaa karibu na soko, na ana magari mawili ya kupeleka wageni hifadhini. Kwenye mita ya kitambaa hakuna aliyewahi kumpunja hata upana wa kidole. Moja ya magari yake lilikuwa jipya-jipya, alilinunua kutoka kwenye hoteli moja iliyokuwa inapunguza magari yake. Dereva wa gari hilo alikuwa Saning'o, kijana mrefu wa Soitsambu, anayeendesha kama amebeba maziwa kwenye kibuyu kisicho na kifuniko. Wageni walikuwa wanasinzia garini mwake, na barabara zetu mnazijua.

Siku moja Bi Zainabu aliniletea kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani yake kuna laini ya simu. Ukikifunga kwenye gari, kinamtumia mwenye gari habari: liko wapi, linakwenda mwendo gani, dereva anafunga breki vipi, limegonga au halijagonga. Kilikuja na kibati kidogo, skrubu nne, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na Kiingereza nilikifaulu kwa kiwango ambacho mwalimu wangu hapendi kikumbukwe. Nikaikunja karatasi vizuri, nikaiweka mfukoni.

Nikajiuliza: nitoboe gari zuri hivi kwa ajili ya kisanduku? Na hiki kwa rafu rodi za huku, mashimo matupu, si kitatikiswa hadi kifie mle ndani? Miaka yote nilikuwa naokoa vitu kwa mpira wa tyubu. Betri inayocheza, mpira. Redio inayoruka, mpira. Bomba la moshi linaloning'inia, mpira, hadi mwenyewe apate nafasi ya kulichomelea. Basi nikakata vipande viwili vya tyubu kuukuu, nikakitundika kisanduku nyuma ya dashibodi kama mtoto kwenye mbeleko. Nikakigusa, kikanesa. Nikajisifu: sasa hata barabara iwe mbaya vipi, huyu analala. Nikarudisha plastiki, nikaenda kula.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Saning'o aliingia uani kwangu hata salamu hajamaliza.

"Mzee, shikamoo, angalia breki."

"Marahaba. Breki zimefanya nini?"

"Mimi sijui. Simu ya bosi inasema naendesha kama kichaa. Inasema nafunga breki za ghafla, nakata kona vibaya, na jana tu nimepata ajali kumi na moja."

"Kumi na moja? Na umekuja mzima?"

"Ndiyo hivyo nashangaa na mimi. Bosi amesema wageni wa Jumatatu atawachukua dereva mwingine, na kazi yangu inaishia hapo. Nina hadi Jumamosi kumwonyesha kwamba simu inakosea." Akaegemea gari. "Nikirudi Soitsambu bila kazi nitachunga ng'ombe wa kaka yangu, mzee. Wewe humjui kaka yangu. Yule akipata mtu wa kumtuma, hata maji ya kunawa hachoti mwenyewe."

Alitania kwa nje tu. Kazi ile ndiyo ilikuwa inawasomesha wadogo zake wawili.

Nikainua gari, nikatoa matairi, nikatazama pedi za breki. Hapa ndipo mkae macho, vijana, maana mtu anaweza kusema lolote, ila pedi haina rafiki. Anayefunga breki hovyo, pedi zake huliwa haraka, na diski hubadilika rangi ikawa na madoa ya bluu kwa joto. Hizi zilikuwa nene, zimelika sawa pande zote, diski inang'aa. Matairi nayo yamelika sawasawa kama yamepigwa randa. Nikazichukua pedi mbili hadi dukani kwa Bi Zainabu, nikaziweka juu ya kaunta, juu ya vitenge vyake.

"Bi Zainabu, hizi ni pedi za mtu mtulivu."

"Toa uchafu wako kwenye vitenge vyangu, Fundi Bura. Pedi hizo zina simu?"

"Hazina."

"Mimi nimeletewa habari na simu. Ina saa, ina dakika, ina ramani. Pedi yako inajua ilikuwa wapi jana saa nane?"

Nikasema, basi tuliulize gari lenyewe, akanifuata hadi uani. Gari la kisasa lina kompyuta yake ya breki, na nyingine ya mito ile inayojaa hewa wakati wa ajali. Likigongwa kweli, linaandika mle ndani. Nikachomeka mashine yangu. Ikafungua injini bila shida, ikafungua giaboksi, nilipogusa breki ikaandika kwamba hakuna mawasiliano. Nikajaribu tena. Hakuna mawasiliano. Waliotengeneza gari la aina hiyo waliweka kufuli mlango huo, na ufunguo ni wa mashine za karakana zao tu. Gari lilikuwa linajua ukweli wote kuhusu Saning'o, ila mashine yangu ilikuwa haijui namna ya kuuliza.

Nikapiga simu Arusha, kwenye karakana yenye mashine hizo. Kijana aliyepokea alikuwa mpole. "Mzee, kumbukumbu hizo gari linazituma lenyewe kwa waliolitengeneza. Mwenye gari aingie tu kwenye akaunti yake aziombe."

Nikamgeukia Bi Zainabu. "Akaunti yako ya gari iko wapi?"

"Akaunti gani? Mimi nilikabidhiwa funguo mbili na kadi ya gari."

Tukafuatilia, tukakuta akaunti bado iko kwa jina la ile hoteli iliyomuuzia. Kwa kadi, gari lilikuwa la Bi Zainabu. Kwa habari zake, gari lilikuwa bado la hoteli, linawapelekea salamu kila siku kama bibi harusi asiyejua ameshaolewa. Kulihamisha jina, kijana wa Arusha akasema, kungechukua kama wiki mbili. Saning'o alikuwa na siku mbili.

Hivyo tulikuwa na mashahidi watatu: kisanduku, gari, na mashine yangu, na hakuna aliyekuwa anaelewa lugha ya mwenzake, kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Aliyekuwa anasikika ni mmoja tu, yule mwenye laini ya simu.

Jumamosi asubuhi nikasema, tuingie barabarani. Saning'o akafurahi: "Twende hadi ukingo wa kreta, mzee, na wewe uone yanakokwenda magari unayotengeneza." Nikamwambia mashimo ya Endamarariek yanatosha, na mchana nitakuwa nyumbani. Nilikuwa na mpango wa kukaa mbele na kushika simu ya Bi Zainabu, lakini mwenyewe akatokea, amejifunga ushungi vizuri, akasema simu yake haiendi popote bila yeye. Isitoshe ana mtu wa kumwona huko kuhusu kuku. Akaketi kiti cha mbele. Mimi mwenye gereji nikatupwa nyuma, mahali pa watalii.

Saning'o aliendesha kama kawaida yake, taratibu, anaomba radhi kwa kila shimo. Tulipoacha lami, simu ikaanza. Tiririi. "Breki ya ghafla," Bi Zainabu akasoma. Saning'o hata mguu haukuwa kwenye breki. Tiririi. "Kona ya hatari." Barabara ilikuwa imenyooka kama rula. Tulipokaribia kijijini simu ikaita kabisa, na binti mmoja wa kampuni ya kisanduku, mwenye sauti ya huruma, akasikika kwenye spika.

"Mama, habari za asubuhi. Pole sana. Mfumo unaonyesha gari lako limepata ajali kubwa dakika hii. Tunajaribu kumpata dereva. Je, una mtu karibu na eneo la tukio?"

"Eneo la tukio ninalo mimi," Bi Zainabu akajibu. "Nimelikalia."

"Mama… uko ndani ya gari?"

"Nimo. Na dereva yumo, anaona aibu."

"Mmeumia?"

"Bado, lakini ukiendelea kunitisha nitaumia moyo."

Nikacheka, nikajua kesi imekwisha. Haikuisha. Bi Zainabu alikata simu, akajikagua mwili mzima, halafu akasema, "Lakini na mimi mwili wangu mzito. Huenda ametikisa gari kweli nisihisi."

Mtu anayeamini simu kuliko makalio yake mwenyewe! Nikamtazama Saning'o kwenye kioo. Tabasamu lilikuwa limeshamtoka.

"Simama," nikasema. "Acha injini inaunguruma."

Nikaja mbele, nikapiga magoti, nikatoa ile plastiki ya chini ya dashibodi. Gari lilikuwa limesimama, lakini kwa mtetemo wa injini peke yake kisanduku kilikuwa kinarukaruka kwenye mipira yake, juu chini, juu chini, mabega juu, kama morani kwenye sherehe. Saning'o akainama naye, akatazama.

"Mzee," akasema, "hata sisi morani huwa tunapumzika."

Hapo nikaelewa yote kwa mpigo. Ndani ya kisanduku kuna sensa inayohisi mtikisiko. Waliokitengeneza wanategemea kimeshikana na bati la gari, ili kinachohisiwa kiwe ni cha gari. Mimi nilikitundika kwenye bembea. Gari likiingia shimo dogo, lenyewe linasema "samahani". Kisanduku kinarushwa, kinapiga dashibodi, kinaandika ajali, kinatuma mjini. Ile karatasi niliyoikunja vizuri, naamini ilikuwa imesema hivyohivyo kwa Kiingereza.

Bi Zainabu akauliza kutoka kitini, "Huo mpira ni wa kiwandani?"

Vijana, nitawaambia ukweli. Nilikuwa na kama nusu dakika ya kuchagua. Ningeweza kusema kifaa ni kibovu. Ningeweza kusema kuna fundi fulani, siku fulani. Angeniamini, maana nimemtengenezea magari tangu akiwa na moja. Lakini kampuni ingeleta kisanduku kingine, mtu mwingine angekifunga mahali palepale kwa mpira uleule, na Saning'o angeendelea kupata ajali hadi azeeke.

"Wa kwangu," nikasema. "Nilikifunga mimi. Nilifikiri nakilinda."

Bi Zainabu alinitazama kwa muda wa kutosha kupima kitambaa cha suruali.

"Kwa hiyo wiki tatu nimemtukana mtoto wa watu kwa sababu ya tyubu yako?"

"Ndiyo."

"Na dukani kwangu ukaniletea pedi."

"Pedi zilikuwa zinasema kweli, Bi Zainabu."

"Nyamaza, Fundi Bura. Funga kisanduku."

Kibati kilikuwa bado kwenye boksi la vifaa. Nikakaza kwa skrubu zote nne kwenye chuma, hadi ukikisukuma kisanduku unasukuma gari. Tulimpitia mtu wa kuku, tukageuza kwa barabara ileile, mashimo yaleyale. Bi Zainabu alikuwa amepakata jogoo kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili, anaikodolea macho. Haikulia. Njia nzima haikulia, na nadhani moyoni alikuwa ameanza kuikosa. Ililia mara moja tu, karibu na lami, pale ng'ombe walipokatiza mbele na Saning'o akafunga breki kwelikweli, jogoo akaruka kiti cha nyuma kuja kwangu. Tiririi. "Breki ya ghafla, moja," akasoma.

"Hiyo ni yangu," Saning'o akasema. "Hiyo naikubali."

Bi Zainabu akaweka simu mkobani. "Wageni wa Jumatatu ni wanne," akamwambia. "Uwe hotelini saa kumi na mbili asubuhi, na uoshe gari, limejaa manyoya."

Wiki mbili baadaye akaunti ilihamia kwa jina lake, na kumbukumbu za gari lenyewe zikaja. Hakukuwa na ajali hata moja. Kwa hiyo mkinunua au mkimnunulisha mtu gari lililotumika, msiridhike na funguo na kadi. Ulizeni habari za gari zinakwenda kwa nani, na zihamishwe siku hiyohiyo. Mkinunua mashine ya kupimia, msiulize inafungua magari mangapi. Ulizeni inafungua vyumba gani, na kipi itawafungia. Na vitu viwili vikibishana, msimwamini anayepiga kelele. Nendeni mkashike kwa mkono mahali kilipofungwa. Karatasi ya maelezo someni, hata kwa kamusi. Mimi sasa nasoma. Polepole, lakini nasoma.

Saning'o hakuwa na kinyongo. Jumapili moja alasiri alikuja na mbuzi dume mnono, akisema kwao mtu aliyekuokoa hashukuriwi kwa mdomo. Tulichoma palepale uani. Mimi nilikula ubavu, nikala na mguu kidogo, na nilikuwa nakula nikisimulia jinsi nilivyogundua tatizo, kila mara nikijirefusha kidogo: nilivyopiga magoti, nilivyosikiliza, akili ilivyonijia. Jirani yangu Mama Marselina, ambaye ua wake na wangu unatenganishwa na uzio wa mnyaa tu, alikuwa amekuja na sahani yake. Alisikiliza hadithi yote hadi mwisho, akafuta mafuta vidoleni, akaniita kwa jina la mwanangu:

"Baba Emanueli, yaani ugonjwa umempa wewe, ukamtibu wewe, na mbuzi wake umekula wewe."